Maji ya buluu yana njaa: uzi wa jua, mikoko na bei ya samaki Mombasa

Mwana wa Tudor (mwenye uzi)

Assalaam aleykum, na salaam kwa wadau wote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Jumamosi alfajiri nilikuwa Bandari ya Kale nikingojea mashua zirudi. Kando yangu alisimama kijana wa bara, mpole tu, akiyatazama maji. Akaniuliza: "Bahari yote hii, mbona samaki ghali hivi?" Nikampa majibu ya mazoea: mafuta ya injini, barafu, madalali. Akaridhika, akaenda zake kunywa chai. Asiyeridhika nikabaki mimi.

Mashua ilipofunga walishusha nguru wawili, jodari mmoja, na ndoo kadhaa za vibua. Nikataka kipande cha nguru. Muuzaji alipompasua, tumboni mlikuwa na vibua watatu, mmoja bado mzima, jicho lake halijaingia ukungu. Nikamwomba anipasulie na huyo kibua. Alinitazama kama mtu aliyeona jini, lakini akapasua. Ndani mlikuwa na uji wa kijivu, na ukiusugua kwa kidole unahisi chembe kama punje za ufuta. Ni vijidudu vya baharini vya jamii ya kamba, ambavyo ukubwani havifiki hata ukucha wa mtoto. Kumpasua kijidudu sikuwa na kisu, lakini najua ningemkuta amekula nini: mimea midogo inayoelea, ile planktoni ya kijani isiyoonekana bila hadubini.

Ile bei aliyoniuliza kijana imo ndani ya matumbo yale, moja ndani ya jingine.

Kiumbe anachokula hakigeuki nyama chote. Sehemu kubwa anaichoma ili aishi: aogelee, apumue, amkimbie nguru. Sehemu nyingine inatoka kama kinyesi. Kilichobaki mwilini ndicho pekee anachoweza kukipata anayemla. Kadirio la kukumbuka ni moja kwa kumi. Basi kilo moja ya nguru imesimama juu ya kilo 10 za vibua, vibua juu ya kilo 100 za vijidudu, vijidudu juu ya kilo 1,000 za planktoni. Tani nzima! Nilikuwa nimenunua nusu kilo, na njiani nikaiona nzito mkononi.

Jua nalo si la kulaumiwa. Kila mita ya mraba hapa kwetu inapata takriban kilowati-saa 5 kwa siku, ungeweza kuwasha pasi ya wati 1,000 saa tano mfululizo. Mimea inashika kijisehemu tu cha hilo. Asilimia 1 ikishikwa ni kazi nzuri.

Sasa kitendawili chenyewe. Jua lipo, maji yapo. Mbona ukitoka nje ya mwamba maji ni buluu safi kama kioo, na unaweza kukaa mchana kutwa usipate kitu, ilhali mkono wa bahari wa Tudor, wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, umejaa vitoto vya samaki? Mimi nasema buluu ni rangi ya njaa. Nipingeni.

Broila Kisauni

Kaka, mimi nakupinga kwa karatasi. Nafuga kuku wa nyama, nina daftari. Kuku 100 wanamaliza mifuko 8 ya kilo 50, yaani kilo 400. Nawauza wakiwa na kilo 2 kila mmoja, jumla kilo 200. Hiyo ni mbili kwa moja! Ingekuwa moja kwa kumi banda ningelifunga zamani nikauze maji ya madafu.

Mwalimu wa Zamu

Broila, daftari lako halidanganyi, ila linapima vitu viwili kwa mizani moja. Chakula cha mfukoni ni kikavu. Kuku ni maji karibu theluthi mbili. Ukipima nishati badala ya uzito, inayobaki ndani ya kuku ni karibu robo ya uliyomlisha, na hapo hujatoa manyoya, mifupa na matumbo.

Robo yenyewe umeipata kwa sababu umemnyang'anya kuku maisha yake. Hatafuti chakula, hakimbii kipanga, hataga, hapigani, na unamchinja akiwa na wiki sita, kabla ukuaji haujapungua. Ndege wa mwituni hana bahati hiyo. Katika chakula kinachomeng'enywa na kuingia mwilini mwa ndege, karibu asilimia 1 tu ndiyo inayogeuka nyama, mayai au vifaranga. Kwa mnyama kama ng'ombe au swala ni karibu asilimia 3. Kwa samaki ni karibu 10, na kwa wadudu wengi inafika 40. Tofauti ni joto. Ndege na wanyama wa damu moto wanalipa bili ya joto usiku na mchana. Wewe mwenyewe, ukila kawaida, unatoa joto kama balbu ya zamani ya wati 100. Chumba chenye watu thelathini darasani kwangu saa nane mchana hakihitaji maelezo zaidi.

Na wewe Mwana wa Tudor, "moja kwa kumi" usiifanye aya. Ni wastani. Aliyeanza kuipiga hesabu hii ya ngazi kwa ngazi ni kijana Mmarekani, Raymond Lindeman, aliyekaa miaka akichunguza kiziwa kidogo cha matope huko Minnesota, Cedar Bog Lake. Alikuta wala-mimea wanapata asilimia 13.3 ya nishati ya ngazi iliyo chini yao, na walao hao wanapata 22.3. Makala yake ilikataliwa kwanza, wakasema imezidi nadharia. Ilichapishwa mwaka 1942, yeye akiwa ameshafariki, na umri wake miaka 26. Kila mtoto wa sekondari anayechora piramidi ya nishati anachora kazi ya marehemu yule bila kumjua.

Broila Kisauni

Mwalimu, hapo kwenye joto umenigusa. Mwezi wa Julai kusi ikivuma, usiku nikichelewa kuwasha jiko la mkaa, vifaranga wanakula vilevile, hata wanazidi, lakini kwenye mizani hawapandi. Miaka yote nilidhani chakula kimechakachuliwa. Kumbe wanakigeuza moto! Bora ninunue mkaa, ni bei nafuu kuliko chakula cha vifaranga.

Nahodha Mstaafu

Nimewasoma nyote. Mimi nimeingia baharini mwaka 1971 nikiwa kijana, nikifuatana na marehemu baba yangu kwa malema na ndoana. Sasa nambieni. Jua ni lile lile. Maji ni yale yale ya buluu. Mbona siku zile ukitega malema jioni, asubuhi huwezi kuyainua peke yako, na leo unainua wapata tafi wawili na kaa? Hizo ngazi zenu hazikuwapo zama zile? Bahari haina ndaa. Wenye ndaa ni watu, na yale majitu ya meli yanayokokota nyavu chini kule nje. Hayo nimeyaona kwa mato yangu, sikusoma.

Mwana wa Tudor (mwenye uzi)

Shikamoo Nahodha. Sikupingi, na naomba nisikupinge. Unachosema na ninachosema ni vitu viwili. Tuchukue duka. Kuna mali iliyo rafuni, na kuna mali inayoingia kila wiki. Zama zenu rafu zilijaa: samaki wakubwa, wazee, waliojikusanya miaka mingi. Ukiingia unachota. Sisi tumezikuta rafu tupu, tunagombea inayoshuka kwenye mkokoteni asubuhi hiyo hiyo. Rafu zinaweza kujaa hata kama mkokoteni ni mdogo, mradi wanunuzi ni wachache. Nyinyi hamkujua kuwa mkokoteni ni mdogo kwa sababu hamkuwahi kuumaliza.

Na baharini mambo yana kichekesho chake, maana huko wakati mwingine rafu za chini ni nyembamba kuliko za juu. Mimea yote ya planktoni ya dunia ukiikusanya haifiki asilimia 1 ya uzito wa mimea yote. Lakini inazalisha karibu nusu ya chakula chote kinachotengenezwa na jua duniani. Inazaliwa na kuliwa ndani ya siku chache. Mwembe umesimama miaka hamsini. Planktoni haina hata wiki. Ni kama mama wa viazi karai: sinia lake dogo, lakini linajaa na kwisha mara ishirini kwa jioni moja.

Sasa kwa nini mkokoteni wetu mdogo. Planktoni inataka jua, na inataka mbolea: naitrojeni, fosforasi, chuma kidogo. Jua liko juu. Mbolea huzama chini, kwa sababu kila kinachokufa baharini kinazama. Kwetu huku maji ya juu ni ya moto, mepesi, yameyakalia maji baridi ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki. Na mkondo wa bahari unaopanda kutoka Tanzania kwenda kaskazini hauyainui maji ya chini kando ya pwani yetu. Nenda Somalia wakati wa kusi: upepo unayasukuma maji ya juu yatoke pwani, ya chini yanapanda na mbolea yake, bahari inakuwa ya kijani. Ndivyo ilivyo Peru. Mwaka 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za dagaa wa aina moja tu, samaki anayekula planktoni moja kwa moja, bila ngazi nyingi katikati. Miaka michache mbele El Niño ikaja, maji baridi yakaacha kupanda, na uvuvi kupita kiasi ulikuwa umeshafanya yake, ukaanguka wote.

Kwa hiyo ni vitu viwili vinavyotembea na havitembei sawa. Mbolea ni ile feri ya Likoni: inakwenda, inarudi, inakwenda, inarudi. Nishati ni abiria. Anavuka mara moja, anashuka ng'ambo, haonekani tena. Kila alfajiri lazima jua lilete abiria wapya. Bahari ya buluu ina abiria wamejaa gatini, feri imekwama chini ya maji.

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hiyo ya feri nimeielewa, kwa kuwa nimeingojea sana. Na la kijani ni kweli. Sisi tulikuwa twatafuta "maji mabovu". Ukiona mstari, upande huu buluu, upande huu kijani kibichi kina takataka na povu, hapo ndipo patupwapo ndoana. Hatukujua kwa nini. Twajua tu ndege wako hapo.

Binti Mikindani

Hamjambo. Naona wanaume mmekwenda mbali mpaka Peru, mmeruka mlango wa nyumba. Mimi nimo kwenye kikundi cha akina mama tunaopanda mikoko hapa Mikindani, mwaka wa saba huu. Naomba niseme la tope.

Mwana wa Tudor umeuliza kwa nini mkono wa bahari una vitoto vya samaki. Jibu ni jani. Na si jani bichi. Hapa tuna mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi. Kenya nzima ina aina tisa, na zaidi ya nusu ya msitu wote uko Lamu. Majani yao ni magumu, yamejaa ukakasi ule ule uliokuwa ukitengenezewa ngozi. Hakuna wengi wanaoweza kuyala yakiwa mtini. Wadudu na kaa wapandao miti wanatafuna sehemu ndogo tu. Jani linakaa, linafanya kazi yake ya kukusanya jua, linageuka manjano, linaanguka.

Hapo ndipo chakula kinapoanza. Siku moja niliokota jani la mkoko lililoanguka jana yake, na jingine la wiki kadhaa. La jana ni kama ngozi ya kiatu. La zamani ni jeusi, laini, linateleza kama kamasi. Ule utelezi ni bakteria na kuvu. Wanalimeng'enya jani, halafu wao wenyewe ndio wanakuwa chakula, maana wanaliongezea naitrojeni. Ni kama unga kabla na baada ya kutiwa hamira. Kaa mwekundu analiburuta shimoni, tondo analitafuna juu ya tope, vipande vinaelea, kamba wanavila, vitoto vya changu na mkizi vinavila hivyo na kuwala kamba. Njia ya kupitia vilivyokufa ndiyo barabara kuu ya nishati hapa. Piramidi za vitabuni zinaanza na ng'ombe anakula nyasi mbichi. Huku kwetu anayeanza kula ni kuvu.

Na msisahau bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji ya Mombasa yanapanda na kushuka karibu mita nne wakati wa bamvua. Yanaingia msituni mpaka mizizi ya ndani, yanabeba vipande na kuvitoa nje. Siku za maji mafu msitu umekaa kimya, hautoi kitu. Nahodha atasema kama samaki hawajui kalenda hiyo.

Nahodha Mstaafu

Waijua kuliko imamu.

Likoni Yangu

Swali la mjinga. Kama shida ni mbolea, si haya maji machafu ya vyoo yanayomwagwa kwenye mikono ya bahari ni mbolea ya bure? Tushukuru basi?

Binti Mikindani

Ndugu, njoo kwetu saa nane mchana maji yakipwa uvute pumzi ndefu, halafu ushukuru. Miche niliyopanda kando ya bomba moja imekauka mara mbili. Mikoko mikubwa inavumilia, hata inanawiri kiasi. Miche haivumilii.

Mwalimu wa Zamu

Si swali la mjinga. Mbolea kidogo katika maji yanayotembea inaongeza uzalishaji. Mbolea nyingi katika maji yaliyotulia inazalisha mwani mwingi kuliko walaji wanavyoweza kuumaliza. Mwani unakufa, unazama, bakteria wanauvamia, na bakteria wanapumua. Oksijeni inakwisha kabla chakula hakijakwisha. Samaki wanaondoka au wanakufa, na ile harufu ya mayai viza ni ya bakteria wanaoendelea kula bila oksijeni. Tazama nishati imekwenda wapi: jua limeshikwa, tena kwa wingi, lakini abiria wote wameshuka kwenye kituo cha kwanza. Hakuna aliyefika kwa nguru.

Kwa hiyo uzalishaji mkubwa na samaki wengi si kitu kimoja. Bahari ya wazi inatengeneza kama gramu 125 za mmea mkavu kwa mita ya mraba kwa mwaka. Msitu wa mvua wa tropiki kama 2,200. Miamba ya matumbawe na vitanda vya mwani inafika 2,500. Lakini ngapi zinakufikia mezani, hiyo ni habari ya nani anakula nani katikati.

Kijana wa Voi

Naingilia kidogo kutoka bara. Tsavo hakuna bahari, na sheria ni ile ile. Kwetu kinachokosekana ni maji badala ya mbolea. Utafiti wa mwaka 1976 uliolinganisha mbuga nyingi za Afrika ulionyesha kuwa uzito wa wanyama wala majani unapanda kadiri mvua inavyopanda. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu Tsavo. Wazee wetu bado wanasimulia mizoga kando ya mto Galana. Na simba je? Wamepiga hesabu: kilo 10,000 za wanyama wanaowindwa zinabeba kama kilo 90 za mnyama mla nyama wa aina moja. Kilo 90 hata simba jike mmoja hatimii. Watalii wakilalamika hawajaona simba nawaambia mshukuru mmeona pundamilia.

Boti ya Kioo

Mimi nabeba wageni Nyali kuwaonyesha hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa mwaka 1986. Mwalimu amesema matumbawe yanafika 2,500, na Mwana wa Tudor amesema maji ya buluu yana njaa. Wageni wananiuliza hilo kila wiki: vipi mwamba wenye uhai hivi uko kwenye maji matupu?

Jibu ni kuwa tumbawe ni mnyama aliyefuga shamba ndani ya ngozi yake. Mwani mdogo unaishi ndani ya nyama yake, unampa sukari, naye anaupa mbolea yake, yaani uchafu wake. Mbolea inayotoka nje ni kidogo sana. Feri imefungwa kamba, inakwenda na kurudi kwenye maji ya sentimita chache. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe yaliutoa ule mwani, yakabaki meupe. Wengi wanadhani yalichemka. Yalikufa njaa. Nyumba imemfukuza mpishi.

Lakini nataka kusema la mashokwe, wale weusi wa miiba ambao nadhani kila mtoto wa Mombasa ameshawahi kukanyaga. Nahodha, unawakumbuka kikande?

Nahodha Mstaafu

Kikande simjui? Ana meno ya kukata ndoana. Tulimvua sana. Nyama yake ngumu, lakini ukikosa tafi wamla kikande.

Boti ya Kioo

Basi huyo ndiye aliyekuwa akiwala mashokwe. Anampindua, anamvunja upande usio na miiba mirefu. Mlipomvua, mashokwe wakajaa. Shokwe ana meno matano, anakwangua mwani pamoja na jiwe lenyewe. Kinachowafanya washinde ni kuwa hawana haraka: mwili wao unachoma kidogo, wanaishi kwa mwani kiduchu ambao tafi na pono wangekufa nao njaa. Wakishaumaliza mwani, tafi hana kitu. Na shokwe mwenyewe haliwi na mtu wala samaki, kwa kuwa kikande hayupo. Jua ni lile lile, mwani unaota vilevile, ila nishati imefungiwa ndani ya kabati la miiba na ufunguo tumeula kwa wali.

Ndani ya hifadhi, uvuvi ulipozuiwa, kikande walirudi na mashokwe wakapungua. Toka nje ya maboya, uone tofauti. Nahodha, nadhani malema yako mepesi sehemu yake ni hii.

Nahodha Mstaafu

Sehemu. Na meli ni sehemu.

Nimenyamaza kidogo nikifikiri. Baba yangu alikuwa akimpata kikande mdogo humrudisha. Nikimuuliza, akisema "huyu ni mfagizi." Nikidhani ni mzaha wa wazee.

Broila Kisauni

Jamani mimi nimekula mbaazi na mahamri leo asubuhi, naona nimekaa ngazi moja tu juu ya mimea kwenye piramidi na nimeshiba. Hongera kwangu.

Mwana wa Tudor (mwenye uzi)

Wadau, narudi na mrejesho. Jumapili ilikuwa bamvua. Nahodha alinipigia akasema, "Wasema sana, ndoo uone tope." Tukakutana kwa Binti Mikindani maji yakiwa yamepwa kabisa. Viatu niliviacha kwa jirani yake. Kimoja hakikurudi, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Dada yetu alinikalisha kwenye mzizi wa mkoko akanikataza kusogea. Dakika kama kumi tope lilikuwa tupu. Kisha mashimo yakaanza kuota macho. Kaa mmoja mwenye koleo jekundu akatoka, akaenda pembeni kama mtu anayedaiwa, akafika kwenye jani la manjano, akalishika kwa kikonyo na kuanza kurudi nalo. Jani lilikuwa kubwa mara tatu kuliko yeye. Mlangoni likakwama. Akalivuta, likakataa. Akatoka, akalizunguka, akalikunja upande, akaingia tena kinyumenyume. Ikabaki ncha tu nje ya shimo, inatingishika, inazama kidogo kidogo, mpaka ikapotea. Pembeni mwake palikuwa na mashimo mengine ambayo sikuweza kuyahesabu, na ncha za manjano zikizama.

Maji yakaanza kurudi, kwanza kama jasho kwenye tope, halafu kama ulimi. Na mbele ya ulimi, kwenye maji ya kina cha kiganja, wakaja mkizi. Midomo chini, wanafyonza tope kama mtu anayelamba sahani. Nahodha hakusema neno. Alitupa kimia mara moja tu, mkono ule ule wa 1971, akavuta mkizi kumi na mmoja.

Nilimwomba nipasue mmoja. Akacheka, akanipa kisu. Tumboni hamkuwa na samaki. Hamkuwa na vijidudu. Mlikuwa na tope jeusi laini na vipande vya majani, na kabla ya utumbo kuna kifundo kigumu cha nyama, kinene, ambacho nilidhani ni ugonjwa. Binti akaniambia ni cha kusagia mchanga. Tumbo moja tu, halafu jani, halafu jua.

Broila, mkizi ana firigisi. Kabisa kama ya kuku.

Broila Kisauni

Kilo anauza ngapi?

Nahodha Mstaafu

Robo ya bei ya nguru. Na wangu wameisha.